Kabla ya Kumshuku Mtu, Angalia Bomba

(Mazungumzo yaliyotolewa na wanachama wa kikundi cha kufua nguo mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, katika ukumbi wa parokia)



 Tumeombwa tuzungumze juu ya mashine ya kukausha nguo kwa stima: namna ya kuitunza na la kufanya inapogoma. Tulipopewa kazi hii tulicheka. Sisi si mafundi. Lakini tulijibiwa kwamba anayelijua shimo vizuri ni yule aliyetumbukia. Basi sisi tulitumbukia, na leo tumekuja kuwaonyesha lilipo.

YALIYOTUPATA

Kwetu ni juu, upande wa Kinangop. Mwajua hali ya huko. Masika ni Machi hadi Mei, halafu Julai na Agosti ni baridi na ukungu. Kikundi chetu kina watu 14, na kazi yetu ni kufua shuka za dispensari na za bweni la wanafunzi. Jua likiwako hatuna shida, tunaanika kwenye kamba na jua halidai senti. Lakini mwezi wa saba shuka hukaa kwenye kamba siku tatu, na ukiitoa inanuka uvundo. Mama aliyejifungua huwezi kumlaza juu ya shuka kama hiyo. Dispensari wakatuambia waziwazi: shuka zikichelewa tena, tutatafuta watu wengine.

Basi tukavunja akiba yetu ya miaka miwili, tukaongeza harambee ndogo, tukanunua mashine ya kukausha iliyotumika. Siku ya kwanza tulisimama kuizunguka kama watu walioenda kumwona mtoto mchanga. Shuka ziliingia mbichi, zikatoka kavu baada ya dakika 50. Tuliimba.

Miezi mitatu ikapita. Dakika 50 zikawa saa moja na robo, halafu saa mbili. Tokeni za stima zilizokuwa zikitutosha wiki mbili zikaanza kuisha kabla ya siku ya tisa. Na hapo ndipo tulipofanya kosa kubwa. Hatukuangalia mashine. Tuliangaliana sisi kwa sisi.

Dada mmoja ndiye aliyekuwa akishika ufunguo wa chumba. Maneno yakaanza chini chini, ati anakausha nguo za watu wake usiku, ati anachukua pesa ya pembeni. Katika mkutano tulimsimamisha mbele ya wote, tukamwuliza stima inaenda wapi. Hakuwa na jibu, maana hata yeye hakujua. Akaweka ufunguo mezani, akatoka akilia, na kwa wiki sita hakuja tena. Leo yuko hapa, amekaa pale mbele, na ni yeye mwenyewe aliyetuambia tusilifiche jambo hili.

Baadaye mashine ikaacha kutoa joto kabisa. Pipa linazunguka, lakini nguo zinatoka baridi. Tukaita mtu anayejiita fundi. Akafungua mgongo wa mashine, akaunganisha kipande cha waya, akawasha, joto likaja. "Imepona," akasema, akachukua pesa yake akaenda. Tukafurahi. Siku ya sita tukasikia harufu ya kuungua. Tulipofungua mlango, shuka mbili zilikuwa zimekuwa rangi ya chai.

Tukazima, tukatafuta fundi mwenye leseni. Huyu hakuanza na bisibisi. Alienda nyuma ya mashine, akachomoa bomba la kutolea hewa, akaingiza mkono. Akatoa usufi wa nguo, akatoa tena, akatoa tena. Ulikuwa ungeweza kujaza mto wa kitanda. Sehemu yake ilikuwa nyeusi, imeanza kuungua. Alituambia neno moja tu: "Mungu amewahurumia."

Jioni ile tulikwenda nyumbani kwa yule dada, wote 13, tukaomba msamaha. Mwizi wa stima yetu alikuwa ni usufi.

MASHINE INAKAUSHA KWA HEWA

Sasa tuelezane jinsi mashine hii inavyofanya kazi, maana ukilijua hili, mengine yote yanafuata.

Sisi tulifikiri nguo zinakaushwa na moto. Sivyo. Fikiria kamba yako ya nguo. Siku ya jua kali isiyo na upepo, nguo hukauka pole pole. Siku ya jua na upepo, hukauka mara moja. Jua hugeuza maji kuwa mvuke, na upepo huuchukua mvuke ule. Mashine ni hivyo hivyo. Ndani kuna koili kama ile ya jiko la stima, hiyo ndiyo jua. Kuna feni, huo ndio upepo. Kuna pipa linalozungushwa na mota kwa mkanda, hilo ndilo linalozikung'uta nguo kama mkono wako unavyozikung'uta. Hewa yenye mvuke hupita kwenye kichungi, halafu hutoka nje kwa bomba.

Kila nguo inapozungushwa hutoa usufi. Kichungi huushika mwingi, lakini si wote. Ule unaoponyoka hulala kwenye bomba kidogo kidogo. Bomba likijaa, upepo hauna njia. Mvuke hubaki ndani, nguo hazikauki, joto hurundikana. Na usufi mkavu, nyinyi mliokoka moto kwa kuni mnajua, hushika moto upesi kuliko nyasi.

Ndani mmewekwa mlinzi: fyuzi ndogo ya joto. Joto likipita kiasi, hukata stima ya koili. Aghalabu ikishakata haijirudishi, lazima iwekwe nyingine. Mashine nyingine huwa na kitufe cha kuirudisha. Vyovyote vile, fyuzi hii haikatiki bure. Yule mtu wetu wa kwanza alipounganisha waya, alikuwa amemfunga mlinzi kamba na kumwachia mwizi mlango wazi. Fundi akikwambia "nitairuka hiyo fyuzi," mwambie aweke vyombo vyake chini. Kwanza tutafute kwa nini imekatika.

KABLA YA KUNUNUA

Wengi wetu tutanunua iliyotumika. Soma kibati kilicho nyuma au mlangoni. Stima yetu Kenya ni volti 240, hezi 50. Mashine za Marekani zimetengenezwa kwa hezi 60 na plagi yao ni kubwa ya namna yake. Hata ukipewa bure, itakusumbua. Soma pia wati. Nyingi za nyumbani ni wati 2,000 hadi 2,500. Yetu ni 2,500. Maana yake, koili ikiwaka saa nzima inakula uniti mbili na nusu. Balbu ya wati 10 ingewaka saa 250 kwa uniti hizo hizo! Kwa hivyo msidanganyike kwamba mtaiendesha kwa sola ndogo ya kuwasha taa.

Zungusha pipa kwa mkono, usikie kama linakwaruza. Omba ijaribiwe ikiwa na nguo mbichi kwa nusu saa. Muuzaji akikataa, rudi nyumbani na pesa yako.

Iwekeni mahali pakavu, sakafu ikiwa sawa, kwenye soketi yake yenyewe iliyofungwa na fundi aliyepewa leseni na EPRA. Plagi iwe ya miguu mitatu, na ule waya wa kijani na njano wa kwenda ardhini uwe umeunganishwa kweli. Ekstensheni hapana. Mashine hii inavuta zaidi ya ampea 10, na ekstensheni nyembamba iliyokunjwa chini ya meza hupata moto mpaka plastiki inayeyuka.

Bomba liwe fupi na lililonyooka, lisikunjwe wala kubanwa ukutani, na bora liwe la chuma. Litoe hewa nje kabisa, si chumbani. Huko nje msifunge wavu mdogo mdogo kwenye mdomo wake, maana wavu hushika usufi na kuziba. Kifuniko chepesi kinachofunguka kwa upepo kinatosha, ila mkague kama ndege au nyigu hawajajenga.

(Kuna nyingine zisizo na bomba, zinazokusanya maji kwenye chombo. Hizo mwage maji kila mara, na safisha kile kikondoo cha kupozea kama kijitabu chake kinavyoeleza. Usafi wa kichungi ni ule ule.)

KAZI ZA KILA SIKU

Kila mzigo: ondoa usufi kwenye kichungi. Si kila jioni. Kila mzigo! Kwetu mtu haruhusiwi kuingiza nguo kabla ya kumwonyesha mwenzake kichungi kitupu.

Kamueni nguo sana kabla hazijaingia. Kuondoa maji kwa nguvu ya mikono, watu wawili wakisokota shuka, hakuna gharama. Kuyaondoa kwa koili ni pesa. Mwenye mashine ya kukamua aitumie.

Usijaze pipa. Nguo zahitaji nafasi ya kuanguka. Shuka kubwa hujiviringa zikawa mpira, nje kavu ndani mbichi. Katikati ya kazi zima, fungua, zikung'ute, endelea.

Angalia mifuko. Sarafu, misumari na vibiriti tumevitoa vyote.

Nguo zenye mafuta ya kupikia, petroli, mafuta taa au rangi zisiingie, hata kama zimefuliwa. Mafuta hubaki kwenye nyuzi, na nguo zikirundikwa zikiwa za moto zinaweza kuwaka zenyewe baada ya saa kadhaa. Aproni za jikoni sisi twazianika nje, mvua au jua. Kwa sababu hiyo hiyo acheni mashine imalize ule mzunguko wa mwisho wa kupoza, kisha tandazeni nguo, msiziache rundo.

Usiwashe ukaenda sokoni, wala ukaenda kulala. Na mlango ufungwe wakati wote, maana mtoto hupenda kujificha.

Kila wiki: mwaga maji kidogo juu ya kichungi cha wavu. Yakisimama badala ya kupita, kimezibwa na mabaki ya dawa ya kulainisha nguo. Kioshe kwa sabuni na brashi laini, kikauke ndipo ukirudishe.

Kila mwezi: chomoa plagi, toa bomba, lisafishe lote mpaka nje. Tazama plagi na soketi, kama zimebadilika rangi zimepata moto. Kisha washa, uende nje uweke mkono kwenye mdomo wa bomba. Unatakiwa usikie upepo wa joto wenye nguvu, kama pumzi ya ng'ombe aliyepanda mlima. Ukiwa dhaifu, kuna kitu kimeziba.

Kila mwaka: fundi afungue, asafishe usufi wa ndani, aangalie mkanda na magurudumu ya pipa.

MASHINE IKIGOMA

Kabla ya kugusa chochote, zima ukutani na uchomoe plagi. Mikono iwe mikavu, miguuni viatu.

Haiwaki kabisa. Anza na yaliyo rahisi. Je, tokeni zimeisha? Jaribu soketi kwa kitu kingine. Mlango umefungwa vizuri? Fyuzi ya plagi ni ya ampea 13. Ikiwa imeungua weka nyingine ya namba hiyo hiyo, kamwe si msumari wala karatasi ya sigara. Ikiungua tena, mwite fundi.

Inanguruma lakini pipa halizunguki. Zima upesi, mota isiungue. Huenda pipa limejazwa mno au nguo imekwama. Ikiwa pipa lazunguka kwa mkono kirahisi kupita kawaida, yaelekea mkanda umekatika. Mara nyingine stima ni hafifu tu, tazama taa kama zimefifia, na usubiri. Stima ikipotea, chomoa mpaka irudi na kutulia.

Inazunguka bila joto. Kwanza angalia kama swichi haikuwekwa kwenye hewa baridi. Halafu kichungi na bomba. Baada ya hapo ni fyuzi ya joto, swichi ya joto, au koili, na hiyo ni kazi ya fundi. Mwulizeni kilichosababisha, na awaonyeshe kilichoungua.

Ina joto lakini inachelewa. Hii ndiyo iliyotuvunja sisi. Karibu kila mara ni usufi, bomba lililokunjwa, mzigo mkubwa, au nguo zisizokamuliwa.

Inasimama mapema, nguo mbichi. Kwenye mashine zinazojipimia ukavu, kuna vipande viwili vya chuma ndani ya pipa. Vifute kwa kitambaa chenye siki kidogo.

Inapiga kelele. Sarafu au kifungo, ama magurudumu yamekwisha.

Inaangusha swichi kuu, au ukiigusa inakutetemesha. Usijaribu mara ya pili! Stima inavuja. Chomoa, funga chumba, mwite fundi.

Harufu ya kuungua au moshi. Zima swichi kuu. Usifungue mlango wa mashine, kwa maana moto unangoja hewa. Usimwage maji. Toeni watu nje, mpige 999 au 112. Mkiwa na kizima moto cha poda mkae nacho karibu na mlango wa chumba, si nyuma ya mashine.

DAFTARI LILILOTUPATANISHA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya yale yaliyotupata tulinunua daftari la kurasa 96 na kulifunga kwa uzi karibu na soketi. Kila mzigo twaandika: tarehe, ni nguo gani, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, namba ya mita, na jina la aliyekuwa zamu. Mzigo ukizidi dakika 15 juu ya kawaida yake, kazi inasimama na tunakagua kichungi na bomba. Hatuulizi "nani?" Tunauliza "wapi?" Ndugu zetu, maneno hayo mawili yana tofauti kubwa kama mbingu na ardhi.

Pia kila mzigo huweka shilingi chache kwenye kopo la fundi, ili siku ya kuharibika tusikimbilie mtu wa bei rahisi. Na mwezi wa Januari, jua likiwa la kuchoma, mashine yetu hulala. Tunaifunika kwa shuka kuukuu, tunarudi kwenye kamba. Mashine ni ya siku za ukungu.

Dada yetu alirudi. Ufunguo tulimrudishia, akakataa kuushika peke yake. Alisema, "Tuushike kwa zamu, na daftari litushike sote." Ndivyo tunavyofanya mpaka leo. Shuka za dispensari hazijachelewa tena. Mashine ingeungua, tungepata nyingine baada ya miaka. Mtu mliyemwita mwizi mbele ya watu hana duka anakouzwa.

 

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Je, kikundi chetu kina chombo gani cha pamoja: mashine ya posho, pampu ya maji, cherehani? Ni nani anayekisafisha, na ni nani anayejua kwamba kimesafishwa?

2. Mara ya mwisho chombo kilipoharibika au pesa ilipopungua, tulianza kwa kuuliza "nani" au "wapi"?

3. Ni alama gani ndogo tungeweza kuziandika kila siku ili tujue mapema kwamba kuna kasoro?

4. Je, kuna mwanachama aliyeacha kuja kwa sababu ya maneno? Tutakwenda kwake lini?